Kioo cha Daktari wa Meno

Kwanza hakuipiga.
Aliilaza juu ya taulo, mezani jikoni,
akazima redio, akanawa mikono hadi viwiko
kama alivyonawa miaka thelathini na minane
kabla ya kumwambia mtu: fungua kinywa.

Mjini Hilo, mvua ya tatu tangu asubuhi.
Daktari Shigeo Nakaoka, mstaafu,
ajuaye nyimbo mbili tu, na ya pili nusu,
anaiinamia ukulele aliyoingoja miezi kumi na sita.
Herufi moja tu imeitenga na ukelele,
lakini imelala kimya, kama mgeni asiyejua chumba chake.

Mbao ni koa.
Si koa yule wetu wa masika
atambaaye ukutani akaacha njia ya fedha;
huu ni mti, wa milimani kwao,
ingawa ukiutazama kwa mwanga wa dirishani
utaapa kuna kitu kimetambaa humo:
mistari inang'aa, inafifia, inang'aa tena upande wa pili,
hariri inayokataa kunyooshwa.

Anapitisha ukucha ukingoni,
pale ubao mwekundu ulipokutana na mweusi.
Ukucha haukwami.
Anarudia, macho amefumba. Haukwami.
"Haya," anasema peke yake,
kwa sauti ya mtu aliyeshindwa hoja.

Shingo imekaa kiganjani
kama mkono wa mtoto anayevushwa barabara.
Vyuma kumi na vinane vimelala juu yake,
ncha za kila kimoja zimetulizwa kwa tupa,
hakuna hata kimoja kilichobakiza jino.

Kisha anainuka, anafungua droo ya vijiko,
anatoa kile kioo kidogo cha mpini mrefu
alichokataa kukirudisha siku ya kuagwa,
na kurunzi nyembamba kama kalamu.
Anavipenyeza kati ya nyuzi, ndani ya tundu.

Hapa ndipo nilipotaka tufike.
Mwuzaji hupamba uso,
na mnunuzi gani hubeba kioo?
Kalehua Medeiros, aliyeiunda gerejini
nyuma ya duka la matairi,
hakujua angekuja kuchunguliwa na bingwa wa mashimo.

Humo ndani, mbavu nyembamba kama njiti za kiberiti
zimechongwa mteremko, zikapigwa msasa,
zikapigwa tena, gizani. Kwa ajili ya nani?
Gundi haikuchuruzika popote.
Na kule nyuma kabisa, chini ya daraja la nyuzi,
kiraka,
kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.
Ubao ulipasuka, akauziba.
Kando yake, kwa penseli, mwandiko wa mtu mwenye haraka:
*ufa huu ni wangu, si wa mti.*

Wahenga walituachia habari za ufa na ukuta.
Kuuziba ufa, kisha ukautia sahihi
mahali pasipofika jicho,
hilo hawakutuambia.

Kioo kinatetemeka kidogo.
Daktari amekumbuka gego la juu, kushoto,
la Bi Ululani Kaawa, mwaka ule wa mafuriko:
keekee ilizama kupita kiasi,
akaliziba vizuri, vizuri mno,
asiseme neno.
Juma lililofuata Bi Ululani akamletea jemu ya mapera,
chupa mbili, zenye utepe.
Aliila yote.

"Ndiyo yenyewe?" mkewe anauliza kutoka ghorofani.
"Ndiyo yenyewe."

Anakifuta kioo, anakirudisha kati ya vijiko.
Anaipakata. Anaanza na ule wimbo wa pili, wa nusu.
Sauti inatoka ndogo na ya mviringo,
inakizunguka chumba, inagusa sufuria, inarudi.
Anapofika pale anapokosea kila siku,
anakosea,
na kosa linalia wazi, kila uzi na neno lake,
wala halijifichi nyuma ya mvua.
Hasimami. Anapapita,
anaingia kwenye ile nusu asiyoijua.